Mwanza hadi Toronto: Simu inakwambia saa 14, kwa nini safari inakula siku mbili?

Andika kwenye simu yako "Mwanza hadi Toronto, umbali kwa ndege". Ndani ya sekunde moja utapata jibu: karibu kilomita 12,000, muda wa kuruka karibu saa 14.

Jibu hilo si la uongo, ila kwa mtu wa Nyamwaga anayetaka kusafiri, au anayemsubiri ndugu yake atoke huko, halimsaidii sana. Hakuna ndege inayotoka Mwanza ikaenda Toronto bila kutua. Na kabla ya Mwanza kuna barabara.

Toronto si jina geni Tarime. Ndiko yaliko makao makuu ya Barrick, kampuni inayoendesha mgodi wa North Mara kule Nyamongo, jirani kabisa na Nyamwaga. Lakini hesabu utakayoisoma hapa inafaa kwa safari yoyote ndefu, uwe unaenda chuo, kazini au kumwona mjukuu.

Inafaa zaidi siku ya msiba, pale wazee wanapouliza: "Huyo wa Kanada anafika lini, tupange siku ya kuzika?" Ukiwajibu "saa 14", umewapotosha.

Twende hatua kwa hatua.

Kilomita 12,000 zimepatikanaje?

Hakuna aliyepima kwa kamba. Kila uwanja wa ndege una nukta yake kwenye ramani ya dunia. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.4 kusini ya Ikweta na nyuzi 32.9 mashariki. Uwanja wa Pearson wa Toronto uko nyuzi 43.7 kaskazini na nyuzi 79.6 magharibi. Kompyuta inachukua nukta hizo mbili na kutafuta njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia.

Sasa, dunia ni mviringo. Kwa hiyo njia fupi si ule mstari ulionyooka ambao ungeuchora kwenye ramani ya ukutani.

Ukitaka kuona mwenyewe, chukua chungwa. Weka alama mbili mbalimbali, kisha vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Njia ambayo uzi umejilaza ndiyo fupi. Wataalamu wanaiita duara kuu.

Kwa Mwanza na Toronto, uzi huo unaelekea kaskazini magharibi. Unaikata Uganda pembeni, unaingia Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Niger, Algeria na Morocco, kisha unaingia Bahari ya Atlantiki. Nusu ya safari kamili ungekuwa juu ya maji, nje kidogo ya pwani ya Morocco. Kilomita 6,000 za kwanza karibu zote ni bara la Afrika tu. Ndiyo ujue bara hili ni kubwa kiasi gani.

Na saa 14 je?

Hapa kanuni ni rahisi, unaweza kuifanya mwenyewe:

- Chukua umbali, gawanya kwa 900. Ndege kubwa za masafa marefu zikishafika juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa.
- Ongeza dakika 30 hadi 45 za kupanda, kushuka na kutembea kwenye barabara za uwanjani.

Kilomita 12,000 gawanya kwa 900 ni saa 13 na dakika 20. Ongeza dakika 40, unapata saa 14. Basi, hiyo ndiyo siri yote ya tovuti za umbali. Nyingi haziangalii kama ndege ipo au haipo. Zinagawanya tu.

Kwenda si sawa na kurudi

Ukilinganisha tiketi ya kwenda na ya kurudi utaona muda unatofautiana, wakati mwingine kwa zaidi ya saa moja. Wengi wanadhani kampuni imekosea. Haijakosea. Ni upepo.

Juu sana, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini mikondo hiyo ina nguvu, hasa miezi ya baridi ya huko. Ndege inayoelekea Amerika inapambana nayo. Inayorudi huku inasukumwa mgongoni.

Tuseme upepo ni kilomita 80 kwa saa njia nzima. Anayekwenda anapata mwendo wa 820 kwa saa, na kilomita 12,000 zinamchukua saa 14 na dakika 38. Anayerudi anapata 980, zinamchukua saa 12 na dakika 15. Umbali ni uleule, tofauti ni zaidi ya saa mbili.

Kuna jambo lingine: mwinuko wa uwanja. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege nzito yenye matangi yaliyojaa inapata tabu kuruka. Ndiyo maana kwa miaka mingi ndege za Ethiopian zinazokwenda Amerika Kaskazini zilikuwa zinatua njiani, mfano Dublin, kuongeza mafuta, wakati za kurudi zinapita moja kwa moja. Kama tiketi yako inaonyesha "kituo 1" na huambiwi ubadilishe ndege, huenda ni hicho.

Kwa nini hakuna ndege ya moja kwa moja?

Swali zuri, maana ndege yenye uwezo ipo. Boeing 787-8, aina ambayo Air Tanzania iliipokea ya kwanza Julai 2018, imetengenezwa kuruka zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Na dunia imeshazoea safari ndefu kuliko hiyo: Singapore hadi New York ni kilomita zaidi ya 15,000, watu wanakaa angani zaidi ya saa 18.

Tatizo ni abiria. Ndege kama hiyo inabeba watu zaidi ya 200. Ili ilipe, lazima wawepo watu 200 wa Mwanza wanaotaka Toronto siku hiyohiyo, na wengine 200 wa kurudi, wiki baada ya wiki. Hawapo. Kwa hiyo kampuni zinakusanya watu kutoka miji mingi, zinawapeleka kwenye kitovu kimoja (Addis, Dubai, Doha, Istanbul, Amsterdam) na kutoka hapo zinawajaza kwenye ndege kubwa.

Ni kama stendi. Hakuna Hiace inayotoka kijijini kwako ikaenda Dodoma. Unaenda Tarime kwanza.

Kwa Afrika Mashariki, ndege ya moja kwa moja iliyo karibu zaidi na hii ni ya Kenya Airways, Nairobi hadi New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Ni karibu kilomita 11,840, na kwenda huchukua kama saa 15. Ukifika New York, Toronto ni kilomita 590 tu mbele. Ila angalizo kubwa: kupita Marekani, hata kwa saa mbili za kusubiri ndege, Mtanzania anahitaji viza ya Marekani. Viza ya Kanada peke yake haitoshi. Watu wamezuiwa kaunta kwa sababu hiyo, na tiketi imelipwa tayari.

Njia halisi: kilomita zinaongezeka

Sasa tupime njia ambazo mtu anapita kweli, kuanzia uwanja wa Mwanza. Namba ni za makadirio, na muda ni wa kuruka tu, bila kusubiri.

*Kupitia Dar na Addis Ababa*
- Mwanza–Dar: km 850
- Dar–Addis: km 1,760
- Addis–Toronto: km 11,500
- Jumla: km 14,100, karibu saa 18 angani

*Kupitia Dar na Amsterdam*
- Mwanza–Dar: km 850
- Dar–Amsterdam: km 7,350
- Amsterdam–Toronto: km 6,000
- Jumla: km 14,200, karibu saa 18 angani

*Kupitia Dar na Dubai*
- Mwanza–Dar: km 850
- Dar–Dubai: km 4,000
- Dubai–Toronto: km 11,100
- Jumla: km 15,950, karibu saa 20 angani

Umeona? Dubai inakuongezea karibu kilomita 4,000 ukilinganisha na ule uzi wa kwenye chungwa. Unakwenda mashariki kwanza ili ufike magharibi. Hata Dar yenyewe ni kurudi nyuma: Toronto iko kaskazini magharibi, wewe unaanza kwa kuelekea kusini mashariki.

Haimaanishi Dubai ni mbaya. Mara nyingine ndiyo yenye nauli nafuu au muda mzuri wa kuunganisha. Ila usichague njia kwa kuangalia bei peke yake. Angalia mstari unaosema "jumla ya muda wa safari". Tiketi mbili zinaweza kupishana laki mbili, huku moja inakuweka uwanjani saa 19 ukilala kwenye kiti.

Usisahau Nyamwaga–Mwanza

Tovuti zinaanzia uwanjani. Maisha yanaanzia nyumbani.

Kutoka Nyamwaga unashuka Tarime mjini, unashika lami ya Sirari–Mwanza, unavuka Mto Mara pale daraja la Kirumi, unapita Bunda, Lamadi, Magu, ndipo unaingia Mwanza. Ni karibu kilomita 300. Kwa basi, na kusimama kwake, weka saa sita. Kisha uwanja wenyewe uko nje ya jiji, upande wa Ilemela, na foleni ya Mwanza unaijua.

Linganisha: kilomita 300 za barabarani zinakula saa sita. Kilomita 850 za Mwanza hadi Dar zinakula saa moja na nusu kwa jeti, au karibu saa mbili kwa panga boi.

Ndege ya asubuhi ya Mwanza kwa hiyo ina maana moja: unalala Mwanza. Usijidanganye utaondoka Nyamwaga alfajiri uwahi ndege ya saa tatu. Hesabu inakataa.

Kuna njia ya pili ambayo watu wa Tarime wanaijua vizuri kuliko watu wa Dar: Sirari. Kutoka mpakani hadi Nairobi kwa barabara ni karibu kilomita 400, kupitia Migori, Kisii na Narok. Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo kama nauli na viza vinaruhusu, kuanzia safari Nairobi au kushukia Nairobi kunaweza kukuokolea nusu siku nzima. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini pasipoti iwe mkononi na ugongewe muhuri. Ukiruka muhuri Sirari kwa sababu "hapa tunapita kila siku", utaulizwa uwanjani Nairobi uliingiaje nchini.

Saa za tiketi: hapa ndipo watu wanaachwa na ndege

Sehemu hii isome mara mbili.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, na inatumia saa 24. Tofauti ni sita:

- 08:00 ni saa mbili asubuhi
- 13:30 ni saa saba na nusu mchana
- 18:00 ni saa kumi na mbili jioni
- 22:30 ni saa nne na nusu usiku
- 02:00 ni saa nane usiku, si saa mbili

Ile ya mwisho ndiyo hatari. Mtu anaona "02:00" anasoma "saa mbili", anakwenda uwanjani asubuhi akiwa amependeza, ndege ilishaondoka saa sita kabla.

Mtego wa pili ni tarehe. Fikiria ujumbe huu:

"Shikamoo baba. Natua Dar Ijumaa 00:45."

Baba akijibu "Marahaba mwanangu, Ijumaa usiku tutakuwepo", amekosea kwa siku nzima. Ijumaa 00:45 ni saa saba kasorobo, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Anayekwenda kumpokea atoke nyumbani Alhamisi jioni. Akienda Ijumaa usiku, kijana ameshakaa uwanjani karibu saa 24 na mizigo yake.

Dawa ni ndogo: kila tiketi yenye saa kati ya 00:00 na 05:59, iandike upya kwa Kiswahili kwenye karatasi. "Usiku wa fulani kuamkia fulani, saa fulani usiku." Mpe kila mtu anayehusika maneno hayo, usiwape picha ya tiketi peke yake.

Cha kufurahisha, ukipita Addis utakuta Waethiopia nao wanahesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi. Lakini ubao wa uwanjani unatumia saa 24 kama kwingineko. Fuata ubao.

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika

Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka. Saa ya kufika ni ya mji unaofika. Kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine bila kurekebisha, unapata jibu la ajabu.

Toronto iko nyuma yetu kwa saa 8. Ila kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wao wanasogeza saa mbele, tofauti inakuwa 7. Sisi hatusogezi. Addis, Doha na Istanbul zina saa sawa na zetu. Dubai iko mbele kwa saa moja.

Mfano wa kufikirika, mwezi Januari: unaondoka Addis Jumatano 22:30, unafika Toronto Alhamisi 07:30. Ukiangalia haraka unasema ni saa 9. Ongeza zile 8 za tofauti: ni saa 17, pamoja na kutua kuongeza mafuta.

Kurudi: unaondoka Toronto Jumatatu 10:30, unafika Addis Jumanne 07:30. Haraka haraka ni saa 21. Toa 8: ni saa 13.

Kanuni: ukielekea magharibi, ongeza tofauti. Ukielekea mashariki, toa.

Sasa turudi kwa wazee: anafika lini?

Tuchukue mfano huohuo wa kurudi. Ndugu yuko Toronto, amepata tiketi, anaruka Jumatatu 10:30 asubuhi ya kwao. Nyamwaga muda huo ni Jumatatu saa kumi na mbili na nusu jioni. Tumfuate kwa saa zetu:

- Jumatatu, saa 12 na nusu jioni: ndege inaondoka Toronto.
- Jumanne, saa 1 na nusu asubuhi: anatua Addis. Anasubiri saa tatu.
- Jumanne, saa 4 na nusu asubuhi: anaruka kwenda Dar.
- Jumanne, saa 7 na nusu mchana: anatua Dar. Uhamiaji, mizigo, kwenda jengo la ndege za ndani.
- Jumanne, saa 12 jioni: ndege ya Mwanza, kama nafasi ipo.
- Jumanne, saa 1 na nusu usiku: yuko Mwanza. Analala, maana kukimbiza gari usiku kilomita 300 ukiwa umechoka hivyo ni kutafuta msiba wa pili.
- Jumatano, saa 12 asubuhi: anaanza barabara.
- Jumatano, saa 6 mchana: yuko Nyamwaga.

Jumla ni saa 41 na nusu. Angani alikuwa saa 17 na nusu tu. Zilizobaki ni kusubiri, kulala na barabara. Hapo hatujahesabu siku za kutafuta tiketi, kuomba ruhusa kazini, na kama viza yake inamruhusu kutoka na kurudi.

Kwa hiyo jibu la kuwapa wazee ni hili: "Akishapanda ndege, mhesabieni siku mbili kamili. Kabla hajapanda, msipange siku." Ndege moja ikichelewa Addis, Jumatano mchana inageuka Alhamisi mchana. Ukipanga kuzika Jumatano saa nane, umemwekea saa mbili tu za dharura katika safari ya kilomita 14,000. Familia nyingi zimebaki na kinyongo kwa saa mbili kama hizo.

Akiona Nairobi inamfaa zaidi, Addis hadi Nairobi ni kama saa mbili za ndege. Akitua Nairobi Jumanne mchana na kushika gari la jioni, anaweza kuwa Sirari Jumatano alfajiri. Anawahi kwa saa kadhaa, kwa gharama ya kutolala kitandani.

Mambo matano kabla hujalipa tiketi

1. Tiketi moja au mbili? Ukinunua Mwanza hadi Toronto kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, kampuni ina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua Mwanza–Dar kivyake na Dar–Toronto kivyake, ni shauri lako. Ile ya kimataifa itahesabu hukutokea tu. Kama lazima ununue mbili, acha nafasi kubwa katikati, ikiwezekana lala Dar.

2. Mizigo inaishia wapi? Uliza kaunta ya kwanza: "Begi langu nalichukulia wapi?" Soma na kile kikaratasi wanachobandika. Kama imeandikwa DAR, utalichukua Dar na kulikabidhi upya. Kama ni YYZ, ambayo ni alama ya uwanja wa Toronto, utaliona Toronto.

3. Jengo gani? Dar ina majengo zaidi ya moja ya abiria. Jengo la 3, lililoanza kutumika 2019, ni la safari za kimataifa. Ukishushwa jengo lingine, weka muda wa kuhama. Safari ya nje, uwe kaunta saa tatu kabla.

4. Viza ya kupita. Kila nchi utakayotua, uliza kama Mtanzania anahitaji viza hata kama hatoki nje ya uwanja. Uliza kampuni ya ndege au ubalozi, usiulize kwenye kundi la WhatsApp.

5. Jina. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Chacha na tiketi Chaha, rekebisha siku hiyohiyo.

Wewe unayesubiri, tumia simu

Huna haja ya kupiga simu kila nusu saa kwa mtu ambaye yuko angani na simu imezimwa. Mwombe akuachie namba ya ndege, ile yenye herufi mbili na tarakimu, mfano ET au KQ ikifuatiwa na namba. Iandike kwenye Google au kwenye programu ya Flightradar24. Utaona kama imeondoka, iko juu ya nchi gani, na inatarajiwa kutua saa ngapi. Haili bando kubwa.

Ukiwa juu ya bahari utaona alama ya ndege inakatika au inatembea kwa makadirio. Usiogope. Vituo vingi vinavyopokea mawimbi ya ndege hizo viko nchi kavu, na katikati ya Atlantiki havipo.

Na akishafika, mwache alale. Mwili wake bado unafuata saa ya Toronto: kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwake ni saa sita usiku. Akisinzia kikaoni mchana na kukesha usiku, si maringo ya Ulaya. Siku chache tu atakuwa sawa.

Kwa kifupi

- Mwanza–Toronto kwa mstari wa anga: karibu km 12,000, saa 14 kama ndege ya moja kwa moja ingekuwepo. Haipo.
- Kwa njia halisi: km 14,100 hadi 16,000, saa 18 hadi 20 angani.
- Nyumbani hadi mlangoni, Nyamwaga–Toronto: weka siku mbili, na siku ya tatu iwe ya akiba.
- Saa ya tiketi: toa au ongeza sita ndipo uisome kwa Kiswahili. 00:00 hadi 05:59 ni "usiku wa kuamkia".
- Mbele ya viza na muda wa kuunganisha ndege, bei nafuu inakuja mwisho.